Kura ya Chama na Karatasi Sita Laini

Kisa hiki kilitokea Kisumu, na mimi nilikuwa ndani yake kama mwalimu aliyeitwa kusaidia. Majina, soko, mtaa na mwaka nimeviondoa. Nambari za kura nimeziacha zilivyo, kwa sababu ndizo somo lenyewe. Nawaandikia walimu wenzangu wanaofundisha uwezekano kidato cha tatu, na vyama vinavyopanga zamu kwa kuokota karatasi.

Usuli

Chama kina wanawake kumi na wawili, wote wauzaji wa soko moja: omena, mboga, mitumba, na mmoja ana kibanda cha chai. Kila Jumatatu jioni kila mmoja hutoa shilingi 1,000, na shilingi 12,000 zote hukabidhiwa mtu mmoja. Baada ya wiki kumi na mbili kila mtu amepata mara moja, ndipo mzunguko unaanza tena.

Ukitazama fedha peke yake, hakuna anayemzidi mwenzake. Lakini mzunguko huu ulikuwa unaanza Januari, shule zikifunguliwa, na mwenye nambari 1, 2 au 3 angelipa karo bila kukopa. Mwenye nambari 12 naye ana hofu yake: katika wiki ya kumi na mbili anawategemea watu kumi na mmoja ambao wamekwisha kula zao. Miaka iliyopita zamu ziligawanywa kwa umri, wakubwa kwanza. Safari hii wanachama wadogo waliomba kura, na wakubwa wakakubali, nusu kwa moyo.

Mweka hazina aliandika nambari 1 hadi 12 kwenye vipande vya karatasi, akavikunja, akavitia kwenye sufuria.

Jioni ya kwanza

Ugomvi ulianza kabla mkono wowote haujaingia kwenye sufuria. Nani aanze? Mama mmoja wa mboga alisema maneno ambayo nimeyasikia hata darasani: "Anayeanza anachagua kati ya kumi na mbili. Anayemaliza hachagui chochote, anaachiwa."

Katibu akatoa njia aliyoamini ni ya haki. Kila mtu aokote, asome nambari, iandikwe kwenye daftari, kisha arudishe karatasi, ili anayefuata naye akute kumi na mbili. Walikubali wote. Mtu wa pili aliokota 7. Mtu wa nne naye akaokota 7. Daftari likawa na watu wawili wa wiki moja, na kura ikavunjwa hapo hapo bila kinyongo.

Wakaanza upya, sasa bila kurudisha. Walifuata namna walivyokaa kuanzia mlangoni, kila mtu akifungua karatasi yake mara anapoiokota. Wa kwanza alikuwa wifi yake mweka hazina. Alifungua: 1. Wa pili alikuwa mweka hazina mwenyewe. Alifungua: 2.

Yule mama wa mboga, ambaye ndiye aliyefuata, alikunja mikono. "Mimi siokoti makombo." Mwenzake aliyeketi kando yake alisimama, wakatoka pamoja. Mwenyekiti alifunga sufuria kwa leso, karatasi kumi zikiwa bado ndani, akaondoka nayo. Karatasi mbili zilizofunguliwa zilibaki mikononi mwa wenyewe.

Nilipoitwa, na kosa nililofanya

Mwenyekiti ni jirani yetu tangu nikiwa mtoto, namwita mama. Jumatano aliniambia, "Mwanangu, njoo na hesabu zako uwatulize watu." Wale wawili walikuwa wamebembelezwa wakarudi. Nilikuta wanawake kumi na wawili wamekaa kimya, sufuria iko katikati.

Swali la kwanza lilitoka kwa muuza mitumba: "Mwalimu, uwezekano wa mtu na wifi yake kupata moja na mbili ni ngapi?"

Nilijibu papo hapo, kama ninavyojibu mbele ya ubao. Wa kwanza kati ya hao wawili ana nafasi 2 katika 12 kupata mojawapo ya nambari hizo. Ikishatoka, zimebaki karatasi 11, na moja tu ndiyo inayotakiwa kwa mwenzake. 2/12 × 1/11 ni 1/66. Nikaandika nyuma ya kalenda kwa kalamu nene ili wote waone.

Nyumba ililipuka. Mara moja katika sitini na sita! Mweka hazina alianza kulia. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na ilikuwa imetiwa mkononi mwa watu kama ushahidi wa wizi. Hilo lilikuwa kosa langu, na nitalirudia hapa chini kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi.

Nilijaribu kurekebisha. Niliwaomba wahesabu jozi zote zinazoweza kuundwa na watu kumi na wawili. Wa kwanza anaweza kuunganishwa na wenzake 11, wa pili na 10 waliobaki, na kuendelea hivyo hadi 1. Jumla ni 66. Katika kura yoyote, jozi moja kati ya hizo 66 lazima ishike nambari 1 na 2. Haikwepeki. Je, ni jozi ngapi ambazo, zingeshika, mngesema kuna njama? Wakaanza kutaja: mama na bintiye, majirani wa ploti moja, wanaoimba kwaya moja, mwenyekiti na katibu, wanaouza kwenye meza moja. Walifika 17 kabla hawajachoka. Kwa hiyo uwezekano wa kuona "njama" ya namna fulani katika nambari 1 na 2 ulikuwa 17/66, zaidi kidogo ya robo. Sauti zilishuka.

Maharagwe manne

Bado lilikuwapo suala la makombo, na hilo sikutaka kulijibu kwa maneno. Niliomba maharagwe manne, matatu meupe na jekundu moja, na mfuko wa kitambaa. Wanawake wanne waliketi kwa mstari, kila mmoja akaokota moja bila kuangalia, akafumba ngumi. Kisha wote wakafungua pamoja. Aliyepata jekundu aliwekewa alama. Tulirudia mara arobaini, walioketi wakibadilishana zamu na wenzao.

Nafasi ya kwanza ilipata jekundu mara 11. Ya pili mara 8, ya tatu mara 9, na ya mwisho mara 12. Niliwaambia wazi kwamba mara arobaini ni chache na kwamba siku nyingine nambari zingekuja tofauti. Lakini hakuna aliyeweza tena kusema wa mwisho anaachiwa. Kama angekuwa anaachiwa mabaki tu, jekundu lisingemfikia mara 12.

Ndipo nikaandika sehemu. Ili nambari 1 imfikie mtu wa kumi na mbili, lazima wa kwanza aikose, na wa pili aikose, na wa tatu, hadi wa kumi na moja:

11/12 × 10/11 × 9/10 × 8/9 × 7/8 × 6/7 × 5/6 × 4/5 × 3/4 × 2/3 × 1/2

Kila namba ya juu inakatana na namba ya chini ya sehemu inayofuata. 11 na 11, 10 na 10, mpaka mwisho. Kinachosalia ni 1 juu na 12 chini. Mtu wa mwisho ana 1/12, sawasawa na wa kwanza. Muuza omena mmoja, aliyeniambia aliacha shule darasa la sita, ndiye aliyekata zile namba kwa kalamu, moja baada ya nyingine, na nilipomwona anafika mwisho na kubaki na 1/12 nilifurahi kuliko siku nyingi nilizosimama darasani.

Karatasi zenyewe

Nilidhani tumemaliza. Wakati mimi nakunja kalenda yangu, yule mwenye kibanda cha chai alikuwa ameingiza mkono kwenye sufuria na anazipapasa karatasi zilizobaki.

"Mwalimu, hizi hazifanani."

Alizimwaga mezani. Nne zilikuwa laini, zimechanwa kwenye daftari la shule. Sita zilikuwa ngumu, zimekatwa kwenye kadibodi ya kasha la sabuni. Mweka hazina alieleza pale pale, akiwa bado na machozi: karatasi ya daftari ilimwishia baada ya nambari 6, akamalizia kwa kile kilichokuwa jikoni. Karatasi 1 na 2 zilizokuwa mikononi mwa mawifi zilikuwa laini.

Kila kitu nilichokuwa nimekiandika kwa saa nzima kilikuwa kimejengwa juu ya karatasi zinazofanana. Sikuwa nimefungua sufuria.

Uamuzi na sababu zake

Kulikuwa na mapendekezo matatu. La kwanza: mawifi wabaki na nambari zao, na kumi waendelee. La pili: mweka hazina arudishe 2 kwa sababu ndiye aliyeandika karatasi, wifi yake abaki na 1. La tatu: kura yote ifutwe.

Kabla ya kugundua karatasi, mimi nilikuwa nikiunga mkono la kwanza kwa nguvu. Kufuta kura kwa sababu tu matokeo hayapendezi ni kuchukua mali ya mtu. Mwenye nambari 1 alikuwa na uhakika wa wiki ya kwanza. Ukimrudisha kwenye sufuria, uwezekano wake wa kuipata tena ni 1/12, na wa kupata mojawapo ya tatu za mwanzo ni robo tu. Na ukikubali desturi hiyo, kura haitaisha kamwe. Kila aliyekosa atataka irudiwe.

Baada ya kugundua karatasi, nilibadili msimamo na nikawaambia kwa nini. Kasoro ilikuwa katika namna ya kuokota, na ilikuwapo kabla ya mtu yeyote kuokota. Hata kama mawifi wangepata 9 na 12, kura ile ingestahili kufutwa vilevile. Nilisisitiza jambo hili mara mbili, ili kufutwa kwa kura kusisomwe kama hukumu juu yao. Mweka hazina alikubali mara moja. Wifi yake alikubali pia, ila kwa sauti ya chini, na alikuwa amekwisha mwahidi mwanawe karo.

Kura mpya ilifanywa usiku huo huo. Tulikusanya vizibo kumi na viwili vya soda ya aina moja, nambari zikaandikwa kwa ndani na kufunikwa kwa utepe. Kila mtu alivipitisha mkononi akiwa amefumba macho, aseme kama anahisi tofauti. Vikatiwa kwenye kiondo. Kazi ya kuchanganya walipewa wale wawili waliotoka Jumatatu. Kila mmoja aliokota, akafumba ngumi, na hakuna aliyefungua hadi wa kumi na mbili alipotoa mkono.

Matokeo

Nambari 1 ilimwangukia aliyeokota wa tisa. Aliyeanza alipata 8. Aliyemaliza alipata 4. Mama wa mboga aliyekataa makombo alipata 10, akaitazama, akaiweka kwenye kibeti chake bila neno. Mweka hazina alipata 11, wifi yake 5.

Mzunguko ulikwenda hadi wiki ya kumi na mbili bila mtu kukosa mchango. Lakini wifi yule, baada ya kutoa fedha zake zote hadi Jumatatu ya mwisho, hakujiunga na mzunguko uliofuata. Mwenyekiti alimwendea mara mbili. Alisema hana ugomvi na mtu.

Uchambuzi

Nianze na pendekezo la katibu, kwa sababu ni kosa lenye nia njema na nimeliona kwa wanafunzi pia. Kurudisha karatasi humpa kila mtu karatasi kumi na mbili, ni kweli, lakini huondoa kile ambacho kura ya zamu inahitaji: kila nambari kwa mtu mmoja tu. Watu wanne wakiokota kwa kurudisha, uwezekano wa wote kuwa na nambari tofauti ni 11/12 × 10/12 × 9/12, yaani kama 57 katika 100. Kwa watu watano hushuka hadi kama 38. Kwa wote kumi na wawili, ni chini ya mara moja katika kura 18,000. Wangekaa pale maisha yao yote.

Suala la foleni lina utata zaidi kuliko maharagwe yalivyoonyesha. Mama wa mboga alipokunja mikono, nambari 1 na 2 zilikuwa zimeonekana. Kwa wakati ule uwezekano wake wa kupata mojawapo ya tatu za mwanzo ulikuwa kweli umeshuka kutoka 1/4 hadi 1/10, kwa kuwa ilibaki 3 peke yake kati ya karatasi kumi. Hakuwa anajidanganya. Alichokosea ni kudhani kwamba foleni ndiyo iliyomshusha. Kilichomshusha ni habari aliyokwisha kuipata. Kama wawili wa mwanzo wangefungua 9 na 12, angepanda hadi 3/10, na naamini angeingiza mkono haraka sana. Ukipima hali zote: wawili wa mwanzo kuchukua mbili kati ya tatu bora ni 6/132, kuchukua moja ni 54/132, kutochukua yoyote ni 72/132. Kwa hali hizo wa tatu anabaki na 1/10, 2/10 au 3/10. Zidisha kila moja na yake, jumlisha, utapata 33/132, nayo ni 1/4 ile ile aliyokuwa nayo tangu mwanzo.

Ndiyo maana kufumba ngumi kulisaidia kuliko maelezo yangu yote. Mtu akifungua karatasi mbele ya wanaosubiri, uwezekano wa waliobaki hubadilika machoni pao kila mara, na kila badiliko lina mtu wa kulaumiwa. Wakifungua wote pamoja, hakuna hatua ya katikati ya kugombania.

Haya yote husimama kama karatasi zinafanana. Zisipofanana, mama wa mboga alikuwa na haki, ingawa sababu aliyoitoa siyo hiyo. Laini zilikuwa sita, nambari 1 hadi 6. Mkono unaopenda karatasi laini, hata bila kujua, una 3/6 ya kupata mojawapo ya tatu bora, maradufu ya robo. Na kama sita wa mwanzo wote wangeokota laini, sita wa mwisho wangebaki na ngumu tupu, na uwezekano wao wa nambari 1, 2 au 3 ungekuwa sufuri. Katika sufuria ile, kuokota mwisho kungeweza kabisa kuwa kuokota makombo. Niliwathibitishia kwa maharagwe jambo ambalo ni kweli kwa maharagwe.

Je, mawifi walipapasa? Hesabu haiwezi kusema. Wawili wakiokota laini tu kwa makusudi, uwezekano wao wa kugawana 1 na 2 ni 2/6 × 1/5, yaani 1/15, zaidi ya mara nne ya 1/66. Hiyo inaongeza shaka. Lakini watu wawili wasiojua lolote, kila mmoja kuokota laini, ni 6/12 × 5/11, karibu mara moja katika kila kura nne na nusu, jambo la kawaida kabisa. Hakuna mahali katika nambari hizi panapomhukumu mtu, na ndiyo sababu naona 1/66 yangu ilikuwa kosa kubwa hata kama ilikuwa sahihi. Nililijibu swali lililotungwa baada ya matokeo kuonekana, kuhusu watu wawili waliokwisha kushukiwa, nikawapa wenzao nambari bila kuwaambia inajibu nini. Ningetaja jozi 66 kwanza, mweka hazina asingelia mbele ya watu.

Kuhusu kuchanganya, walimu wengi tunapita haraka, na historia ina mfano mzito. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani ilifanya kura ya kuamua ni vijana gani wangeitwa kwanza jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Vidonge 366 vya plastiki, kila kimoja na tarehe yake ya kuzaliwa ndani, vilitiwa kwenye chombo na kuokotwa bila kurudisha. Vilikuwa vimewekwa mwezi baada ya mwezi na havikuchanganywa vya kutosha. Waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka, Desemba hasa, waliangukiwa na nambari za mwanzo kuliko ilivyostahili. Wataalamu wa takwimu waliigundua kasoro hiyo, na kura iliyofuata ilipangwa upya kwa uangalifu zaidi. Kila sehemu kwenye karatasi ya hesabu hudhani kwamba mtu amechanganya vizuri, na kiondo chetu kilichanganywa vizuri kwa sababu kilichanganywa na wale waliokuwa na shaka.

Palipobaki jeraha ni kwa wifi. Kufuta kura kulikuwa haki kwa watu kumi na kulimgharimu yeye wiki nne, na karo ya mwanawe. Chama kingeweza kumpa mkopo mdogo wa kuziba pengo hilo. Hakuna aliyelitaja usiku ule, nami sikulitaja, nikiwa nimeshughulika na vizibo. Nililipeleka kwa mwenyekiti miezi miwili baadaye, na sasa limeandikwa kwenye daftari la kanuni: kura ikifutwa kwa kasoro, aliyepoteza wiki ya karibu anapewa nafasi ya kukopa kwanza, bila riba.

Darasani nimebadili mpangilio. Wanafunzi hupokea sufuria yenye karatasi zisizofanana kabla sijaandika sehemu yoyote ubaoni, na kazi yao ya kwanza ni kuzipapasa wakiwa wamefumba macho.